Masafa ya Shemeji

Shemeji yangu ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akifungua gari kwa kidevu.

Sizui. Mtaa mzima ni shahidi. Kila asubuhi alitoka na suruali yake ya kupigwa pasi, akasimama mlangoni kwake, akainua uso juu kama mtu anayesubiri kunyolewa ndevu, akaibana rimoti ya gari chini ya kidevu, akabonyeza. Huko barabarani gari likajibu: twii-twii! Shemeji akashusha uso polepole, akatutazama sote kwa huruma.

Lakini wacha nianzie pale mambo yalipokuwa bado na heshima.

Shemeji ni karani wa masjala. Kazi yake ni kutunza mafaili na kuwaambia watu kwamba faili lao halionekani. Miezi mitatu iliyopita alinunua gari jeupe, la mkononi, zuri tu, lenye kasoro moja: mwenye gari wa kwanza alivunjia kipande cha ufunguo kwenye tundu la mlango, kwa hiyo mlango ulifunguka kwa rimoti au haukufunguka kabisa. Shemeji hakuiona kama kasoro. Aliiona kama maendeleo.

"Mtu wa leo haingizi chuma mlangoni," alituambia. "Mtu wa leo anatuma mawimbi."

Na kweli aliyatuma! Wiki za kwanza alilifungua gari akiwa dirishani kwake ofisini, ghorofa ya pili. Watu waliokuja kutafuta mafaili waliitwa dirishani wakaonyeshwa taa zikimeta kule chini. Faili hawakupata, ila hawakuondoka mikono mitupu.

Kisha mawimbi yakaanza kuchoka. Kutoka dirishani, kimya. Kutoka ngazini, kimya. Mwisho ikabidi asogee hadi hatua kumi kutoka kwenye gari.

"Badilisha betri," dada yangu alimwambia. Dada ni mshonaji wa sare za shule, hana muda wa maneno mengi.

"Betri?" Shemeji akacheka kwa puani. "Betri ikifa, inakufa. Hii haijafa, imepunguza mwendo. Tatizo hapa ni masafa."

Neno hilo lilimkaa mdomoni kama pipi. Masafa ya mawimbi, masafa ya umbali, masafa ya asubuhi na masafa ya jioni. Haikupita wiki mtaani akawa anaitwa Masafa, na yeye akadhani ni heshima.

Hata hivyo Jumamosi moja alijifungia chumbani, akabadilisha betri kimyakimya. Alipotoka alijaribu. Hatua kumi zikawa nne!

Mwingine angesikitika. Masafa alifurahi kupita kiasi.

"Mke wangu, betri nimeweka mpya kabisa, na hali imekuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo si betri. Nimelithibitisha kitaalamu."

Dada akaendelea kukata kitambaa.

Hapo ndipo utafiti ulipoanza. Alinunua daftari, akachora jedwali: tarehe, saa, hali ya hewa, hatua. Aliazima futi ya kushonea ya dada ili kuhakiki hatua zake, na siku hiyo watoto wa shule fulani walishonewa suruali kwa makadirio. Alizungusha foili kwenye rimoti, hatua zikawa mbili. Akaitoa. Aliishikilia juu ya mwavuli. Alipanda juu ya kiti. Mwishowe akamtuhumu fundi wa kuchomelea mageti, jirani yetu wa kushoto.

"Fundi, cheche zako zinakula mawimbi yangu."

Fundi alivua miwani yake myeusi, akamtazama vizuri. "Zinakula nini?"

"Mawimbi. Naomba uzime mashine kila siku kuanzia saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, nitoe gari."

"Bwana Masafa, mimi hufungua saa mbili."

Shemeji akaliandika hilo kwenye daftari, chini ya "Mengineyo".

Siri ya kidevu aliipata kazini. Mwenzake wa meza ya pili alimwambia kwamba kichwa cha mtu ni antena, ukiibana rimoti kidevuni mawimbi yanapita kwenye ubongo na kutoka na nguvu mpya. Masafa akajaribu. Hatua nne zikawa tisa!

Kiburi kilichofuata sikuwahi kukiona. Dada alipojaribu kwa kidevu chake, gari halikujibu. Mimi nilipojaribu, halikujibu. Shemeji alitufariji.

"Msijisikie vibaya. Kila mtu na kichwa chake."

Basi ikafika siku ya mama yetu, yaani mama mkwe wake, kufanyiwa upasuaji wa macho. Masafa alikataa katakata tusikodi teksi. Ofisini aliomba ruhusa kwa kusema mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho. Aliyepokea ujumbe alisikia nusu, na hadi saa sita wenzake wawili walikuwa wamempigia kuuliza ni wa kike au wa kiume.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama alitoka amezibwa jicho la kulia kwa bandeji, la kushoto likiwa wazi na kali kama kawaida. Daktari alitoa maagizo mawili: asiiname, na asikae juani hata dakika moja. Dada akabaki dirisha la dawa. Mimi nikabeba mkoba. Masafa akampa Mama mkono hadi ngazi za mbele, akasimama.

Gari lilikuwa mbali, katikati ya mengine, na jua lilikuwa la saa sita.

"Subiri kivulini hapa, Mama. Nalifungua nikiwa hapahapa."

Akabonyeza. Kimya. Akainua uso, akaweka kidevuni. Kimya. Akahamisha kwenye paji la uso. Akaingiza ncha ya rimoti katikati ya meno.

Mlinzi akasogea kwa upole. "Mzee, meno ni jengo la pili."

"Asante, si meno."

"Basi akili ni lile la bluu."

Masafa alifumba macho, akabana rimoti kidevuni kwa mikono miwili hadi mishipa ya shingo ikasimama. Na hapo, kule mbele, gari jeupe likamulika taa. Twii-twii!

"Umeona!" alipaza sauti hadi wagonjwa wakageuka. "Hatua sitini! Sitini, Mama!"

Tukamfunika Mama kwa mtandio, tukamkimbiza. Masafa akafungua mlango wa nyuma, tukaingia. Mimi nilifuata tu. Magari meupe yaliyopangwa mstari yanafanana kama mayai.

"Hili koti jeupe ni la nani?" Mama akauliza, akilisogeza pembeni.

"La kazini, Mama," alijibu Masafa bila kugeuka.

"Karani anavaa koti la daktari?"

Masafa hakusikia. Alikuwa anashangaa kwa nini kiti kimerudi nyuma na kwa nini ufunguo hauzunguki. Akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. Akaushikilia kidevuni kidogo, kwa mazoea.

Ngo, ngo, ngo. Kwenye kioo alisimama daktari, yuleyule aliyekuwa ndani ya jicho la Mama asubuhi.

"Samahani," alisema. "Hili ni gari langu."

"Daktari, nimelifungua kwa rimoti yangu. Nikiwa kule ngazini!"

Daktari hakubishana. Alitoa yake mfukoni, akabonyeza. Milango yote minne ikajifunga, kwa! Akabonyeza tena, ikafunguka.

"Na mimi nilikuwa ngazini," alisema. "Nyuma yenu."

Masafa akafikiri sana. "Basi masafa yetu yamegongana."

"Gari lako ni namba gani?"

Akaitaja.

"Hebu nisomee ya lile pale la tatu."

Masafa akashuka, akakunja uso, akasoma kwa sauti ya kujiamini. Alisoma herufi mbili vibaya na tarakimu zote. Kutoka kiti cha nyuma, kwa jicho moja, Mama akaisoma yote sawasawa. Lilikuwa ni gari letu.

Daktari alimchungulia macho. Akaomba rimoti, akaifungua kwa ukucha.

"Nani kaweka betri hii?"

"Mimi mwenyewe. Mpya kabisa."

"Ni mpya, lakini ni nyembamba. Humu pameandikwa ishirini thelathini na mbili. Hii ni ishirini kumi na sita. Inachezacheza ndani. Ukiibana kwa nguvu inagusa, ukilegeza inaachia."

"Kwa hiyo kidevu..."

"Ni mkono wako ulivyokuwa unakandamiza."

"Na kichwa?"

"Kichwa hakihusiki."

Nimewahi kumwona shemeji akifiwa. Hakuwa na uso ule.

Daktari akachana kipande cha foili kwenye pakiti ya vidonge vya Mama vya zamani vilivyokuwa mkobani, akakikunja, akakibandika nyuma ya betri, akafunga. Akabonyeza kwa kidole kimoja, mkono ukiwa chini kabisa. Twii-twii! Masafa akanyoosha kiganja apokee rimoti. Daktari akampa dada, ambaye ndiyo kwanza anafika na dawa, na ambaye ana leseni miaka kumi na moja.

"Huyu haendeshi leo. Kwanza aje nimwone."

Akaonwa. Akatiwa matone ya kupanua mboni, akasomeshwa ubao wa herufi, akaandikiwa miwani miwili, ya karibu na ya mbali. Herufi ile kubwa ya juu kabisa aliipata kwa kubahatisha. Tulipomfuata kwenye korido alikuwa amepanuka macho kama bundi, haoni mbele wala nyuma, anapapasa ukuta. Mama akamshika mkono.

"Taratibu, mwanangu. Hapa kuna ngazi tatu. Moja. Mbili. Umefanya vizuri."

Mlangoni nesi wa zamu alikuwa na orodha ya wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Akatutazama: mama mmoja mwenye bandeji, amesimama wima, na mwanamume mzima aliyemng'ang'ania mkono wake.

"Mgonjwa kati yenu ni yupi?"

"Huyu," alisema Mama. "Mimi nimemsindikiza."