Kamera Yangu na Waya wa Yasinta

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Bosi wetu, Mhandisi Urbano, ametangaza. Taa za kuongozea magari pale njia panda zifungiwe kifaa cha kutambua gari linalosubiri, zisiwakie kijani barabara tupu. Vifaa viwili vitajaribiwa wiki hii: upande mmoja kamera yangu. Upande mwingine waya wa Yasinta, uliofukiwa chini ya lami. Atakayeshinda ndiye msimamizi wa taa zote za mji. Ofisi yenye kiyoyozi! Yasinta kaajiriwa juzi tu, na ananipa shikamoo kwa adabu inayoniudhi.

Jumanne, 12 Agosti
Upepo! Mlingoti wa kamera ukayumba, kamera ikaona barabara nzima inatembea, ikaliwashia vumbi kijani. Yasinta akauliza kwa upole kama vumbi lina leseni. Mafundi wakacheka. Waya wake umelala zake chini, upepo hauuhusu. Nimeumia, ila sikuonyesha.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeupata udhaifu wake! Waya unatambua chuma tu. Ng'ombe hata mia hauwaoni. Na bosi ni mtoto wa mfugaji, kwao Kintinku. Hawezi kudharau ng'ombe. Nimempigia shemeji Gaspari wa Sepuka, anayepeleka ng'ombe mnadani kesho. Nimemwomba awapitishe njia panda saa ya majaribio. Kauliza kama kuna usalama. Nimemwambia aniachie mimi.

Alhamisi, 14 Agosti
Ng'ombe walikuja. Wakapita juu ya waya: taa haikubadilika. Wakafika mbele ya kamera: kijani! Nikapiga makofi peke yangu. Kumbe lami ilikuwa na joto zuri. Dume likalala, likaanza kucheua, wenzake wakafuata. Kamera ikaendelea kuwaona, ikashikilia kijani chao. Kwenye nyekundu alikuwa bosi, anamuwahi mgeni kutoka Dodoma. Akapiga honi mpaka ikakauka sauti. Gaspari akasema dume hilo halisumbuliwi na honi. Yasinta akalisogelea, akalipinda mkia, likanyanyuka.

Ijumaa, 15 Agosti
Yasinta ndiye msimamizi. Inaniuma mpaka mbavuni. Bosi amenipa fimbo. Nitashinda njia panda nikifukuza mifugo. Yasinta kasema nikipenda atanifundisha habari za waya. Nimeshukuru huku nikisaga meno.

Kosa si langu, wala la kamera. Ng'ombe ni wavivu, basi. Nasikia kuna rada: haijali upepo wala vumbi, inatambua kila kinachotembea.

Nimempigia Gaspari. Nimemwomba mbuzi wa kuijaribia.