Jasho Langu na Jua la Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepiga pasi nguo zote za dukani bila kudondosha tone la jasho. Mimi ni chuma! Haya, nimedanganya. Nimepiga shati moja, likalowa kuliko lilivyotoka kwenye karai. Binti yangu, mwenye duka hili la dobi, kaja juu. Baba, tone jingine kwenye nguo ya mteja, pasi anaishika mjomba! Mjomba ndiye shemeji yangu, mkavu kama ubao. Akacheka kichinichini. Pasi yangu! Nitakufa kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Muuguzi kaleta sare zake. Nikambana anipe dawa ya jasho. Kasema ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua, na hata tezi za jasho zina mahali pa kuipokea. Inafanya nini humo hasa, wataalamu bado wanachunguza. Nikauliza kama haifungi koki ya jasho. Babu wewe, sijasema hivyo! Lakini hajakataa! Shule niliiacha mapema, ila koki naijua.

Jumatano, 5 Machi
Kutwa nzima kifua wazi, nyuma ya dirisha lililofungwa. Jua tele, vumbi hakuna, na shemeji namwona akiinyemelea pasi. Jasho limenitoka mpaka kiti kimening'ang'ania. Safi kabisa! Hilo ni la zamani, linapisha vitamini.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Shati la bwana harusi, tone la puani, katikati ya kifua!  Binti kampa mjomba pasi. Muuguzi aliposikia habari za dirisha, kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe kioo huzuia mionzi inayotengeneza vitamini! Babu, umejichemsha tu, kasema. Shemeji naye kageuka kunicheka, pasi kaisahau juu ya kola. Moshi! Nimecheza ngoma nzima peke yangu. Binti katuita wazee wawili hasara. Jumatatu atatupima, mmoja abaki na pasi.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa nimeelewa. Kosa lilikuwa la kioo, akili yangu haina neno. Kesho adhuhuri nalala juu ya paa, nimejipaka mafuta, mpaka koki zote zifunge. Shida ni mgongo, nao una tezi zake. Shemeji, najua unasoma shajara yangu nikisinzia. Ulipohama nilikubebea kitanda ngazi zote, hukunipa hata maji. Basi kesho panda, unigeuze upande wa pili.