Mpira wa Kwanza wa Mheshimiwa Omanga

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote wa Migori, Homa Bay na viunga vyake kwamba sherehe ya siku ya mwisho ya Kundi C, Kombe la Vilabu vya Kikapu Barani kwa Wanawake, ilifana kupita kiasi. Mahema yalisimama. Maua yalifika yakiwa bado maua. Viti vya wageni mashuhuri vilivalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa riboni mgongoni, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyekalia kiti kisicholingana na cheo chake. Kuhusu mechi yenyewe, nitaigusia nikipata nafasi.

Mimi ni Gichana, Afisa Mkuu wa Itifaki katika Mamlaka ya Ustawi wa Michezo Kando ya Ziwa. Nasikia kuna watu wanaoandika mitandaoni kwamba niliharibu siku. Watu hao hawajawahi kupanga hata viti vya matanga, na maneno yao yameniuma.

Kuandaa mashindano ya Afrika kunataka kichwa kilichotulia. Tulianza na tarehe. Jumamosi ilikataliwa na Wasabato, ambao ni nusu ya timu na zaidi ya nusu ya kamati. Jumapili Wakatoliki wakasema wana misa, na baada ya misa wana harambee. Tukaafikiana Jumatatu, siku isiyokuwa na mwenyewe.

Kisha nikaketi nikaandika Mwongozo wa Itifaki. Uzuri wake wote uko katika kifungu kimoja: mgeni rasmi atatumbukiza mpira wa kwanza kikapuni, na hakuna hotuba itakayotolewa wala mchezo kuanza kabla ya mpira huo kuingia. Nilikiandika hivyo kwa sababu kule Kegonga, kwenye voliboli, wachezaji walishawahi kuanza kucheza mgeni rasmi akiwa bado anasalimiana na machifu. Aibu ile sikutaka irudiwe.

Mgeni rasmi wetu alikuwa Mwenyekiti wa Mamlaka, Mheshimiwa Barnabas Omanga. Wasifu wake unasema alikuwa nyota wa kikapu akiwa sekondari. Nina uhakika na jambo hilo, kwa sababu wasifu huo niliuandika mimi.

Siku mbili kabla ya sherehe alinijia kapteni wa timu yetu, Miwa Queens ya Awendo. Anaitwa Damaris Nyasuguta, mwanamke mrefu anayeuza vipuri vya trekta pale mjini Awendo. Alikuwa ameshika programu yangu kama mtu aliyeshika matokeo ya hospitali.

"Bwana Gichana, nisaidie kitu moja," alisema. "Tumeshinda mechi moja, tumepoteza moja. Hii ya Lubumbashi ndio ya mwisho. Tukishinda tunaingia robo fainali. Tukipoteza, tunarudi nyumbani."

"Hongereni," nikamwambia.

"Sijamaliza. Bi Kamishna wa mechi amesema tunaanza saa nane. Saa tisa ikifika kama uwanja haiko tayari, sisi ndio wenyeji, tumepoteza ishirini kwa nunge. Bila kurusha hata mpira moja. Sasa kwa hii programu yako naona mechi ndio namba kumi na saba."

"Kumi na nane. Tumeongeza utambulisho wa wafadhili."

"Ai yawa! Si hizo spichi ziende baada ya gemu?"

"Damaris," nikasema kwa upole, "baada ya mechi watu huenda nyumbani. Sasa Mheshimiwa atasikilizwa na nani?"

"Mimi niko na miaka thelathini na nne," akasema. "Nimecheza hii kitu tangu primari na sijawahi kufika robo fainali ya chochote. Mwaka ujao magoti haitakubali. Niambie tu ukweli, hiyo Jumatatu ni siku ya nani?"

Mimi si mtu wa kudanganya wananchi. Nilimwambia ni siku ya Mheshimiwa.

Jumatatu ikafika. Uwanja wetu mpya wa Homa Bay ulijaa tangu asubuhi. Mheshimiwa alitarajiwa saa nne, na akafika saa nane kasorobo, ambayo kwake ni mapema. Akaimbiwa. Akapigiwa vigelegele. Akavishwa shada. Hatimaye mpira ukaletwa uwanjani juu ya mto wa satini, na mfawidhi wetu wa sherehe, kijana anayeitwa Bravin, akashika maikrofoni.

"Wasee wa Homa Bay mko? Wa Awendo mko? Sasa mkubwa mwenyewe anatufungulia! Makofi ya kilo!"

Mheshimiwa alivua koti, akampa mlinzi. Akadundisha mpira chini mara mbili, na mara ya pili haukurudi mkononi. Ukafuatwa, ukarudishwa, ukapanguswa. Akaurusha. Uliondoka vizuri sana, kwa kasi ya kuridhisha, ukapita chini ya ringi na kutua katika hema la wafadhili, juu ya keki.

"Hiyo ilikuwa ya kupima upepo!" Bravin akasema.

Wa pili uligonga mlingoti ukamrudia tumboni. Wa tatu ulikwenda juu, ukashuka ulikotoka. Kufikia hapo umati ulikuwa umeanza kuhesabu kwa Kijaluo, "Achiel! Ariyo! Adek!", jambo ambalo halikuwa kwenye programu. Nilimtuma askari akawaambie wahesabu kimoyomoyo.

Bravin, ambaye ana nia nzuri lakini hana mafunzo, akaninong'oneza kwamba labda Mheshimiwa ajaribu ile ringi ya upande wa pili. Nilimweleza kwamba akielekea kule atakuwa amewapa mgongo wageni mashuhuri. Akasema, "Sawa, mkubwa," akarudi kuhimiza makofi.

Hapo ndipo aliponifuata Bi Tausi, kamishna wa mechi. Ni mama wa Dodoma, mpole, mwenye Kiswahili cha kukufanya ujione umevaa shati chafu.

"Ndugu Gichana, samahani kwa usumbufu. Mheshimiwa anatarajia kumaliza lini?"

"Mpira ukiingia, Bi Kamishna."

"Na usipoingia?"

"Utaingia. Huyu ni mgeni rasmi."

"Naelewa. Basi naomba nikukumbushe tu kwamba saa tisa ikitimia, nitalazimika kuwapa wageni ushindi. Sitapenda, lakini nitafanya hivyo."

Hali ikiwa hivyo, kiongozi wa kweli haketi tu. Niliunda Kamati Ndogo ya Dharura, tukakutana nyuma ya hema. Tulianza kwa maombi. Mjumbe mmoja akapendekeza tupige kura kwamba mpira umeingia. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa, ila tatizo likawa umati, ambao haukuwa umehudhuria kikao. Mjumbe mwingine akasema kwamba, kwa maoni yake, Mheshimiwa hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye ringi. Iliwekwa juu bila kushirikisha wadau.

Fundi akaitwa. Akapanda ngazi na spana yake, akaangalia, akashuka.

"Mkubwa, hii bolti imeshika kutu. Nikiilazimisha itakatika, na ikikatika ringi hairudi juu leo."

"Nani amekuuliza habari za kurudi juu?" nikamjibu.

Alipanda tena. Palisikika mlio, kitu kikadondoka, na ringi ikateremka taratibu mpaka usawa wa tai ya Mheshimiwa, ikakwama hapo. Kamati ilipongezana. Damaris akaja kutoka benchi la wachezaji, akaishika ringi kwa mkono mmoja bila kunyoosha kiwiko. Kisha akaiachia, akaondoka mbio. Nilidhani amefurahi, maana sasa ingekuwa rahisi hata kwake.

Nilipokwenda kumwomba Bi Tausi muda zaidi, nilimkuta Damaris amefika kwake kabla yangu, pamoja na kapteni wa Lubumbashi, dada mwenye mabega mapana na nywele fupi.

"Sheria inaruhusu kuhamia uwanja wa akiba," Bi Tausi alikuwa akisema. "Ule wa parokia kule Rangwe, mliokuwa mkifanyia mazoezi, niliukagua na unafaa. Lakini lazima makapteni wote wawili wakubali kabla ya saa tisa." Akamgeukia yule wa Lubumbashi. "Wewe hulazimiki, mwanangu. Ukikaa hapa dakika kumi na tatu tu, umeingia robo fainali."

Yule dada aliangalia uwanjani. Mheshimiwa alikuwa amepiga hatua nyuma ili arushe kwa mtindo, na mpira ukawa umepita juu ya ringi iliyokuwa usawa wa kifua chake.

"Siye tulikuja kucheza," akasema. "Ushindi wa kupewa hatuutaki."

Damaris alimkumbatia, akamshika hivyo kwa muda mrefu. Mtu anapewa ushindi wa bure, mezani, halafu anaukataa! Huko kwao sijui kamati zao hufanya kazi gani. Nikaona huo ni utani wa wanamichezo, nikarudi kusimamia mambo ya maana.

Baada ya hapo niligundua kwamba watu wanainuka. Sikushtuka, nilijua wanakwenda kununua soda. Waliondoka kwa pikipiki, kwa pikapu, na mashabiki wa Awendo wakapanda trela la miwa walilokuja nalo. Wapiga picha wa runinga wakakunja vyuma vyao. Nikamwona hata Bravin akipakia spika kwenye probox.

"Unaenda wapi?"

"Narudi sahii tu, mkubwa," akasema, na gari likaondoka.

Ilipofika saa kumi na nusu ndipo Mheshimiwa, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye ringi, akauweka mpira ndani yake kwa mikono miwili. Uliingia! Nasema hivi nikiwa shahidi: uliingia wote. Kamati ilishangilia. Mheshimiwa aliinua mikono juu, akageukia upande wa wananchi, na huko kulikuwa na viti, na mbwa mmoja aliyekuwa akila keki.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba wametangulia.

Tuliingia Rangwe kwa msafara kamili, king'ora kikilia, ila hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wameuzunguka ule uwanja wa parokia kwa safu tatu, wengine juu ya ukuta, wengine juu ya paa la choo. Hapakuwa na hema, wala kitambaa, wala mpangilio wowote wa vyeo. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama karibu na muuza njugu! Niliona uchungu mkubwa moyoni. Mechi ilikuwa dakika ya mwisho na pointi zikiwa sawa, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Sikuona bao la mwisho kwa sababu nilikuwa nikitafuta kiti chenye mgongo kwa ajili ya Mheshimiwa. Nilisikia kelele tu, kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye sherehe yoyote niliyoiandaa.

Nilipogeuka, Damaris alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, analia bila kuficha uso. Bao lilikuwa lake. Wenzake walimwangukia, na yule kapteni wa Lubumbashi naye alikuwa amepiga magoti karibu yake, akilia kilio cha aliyeshindwa, mkono wake ukiwa begani mwa Damaris.

Mheshimiwa aliona fursa ya kuhutubia. Alitembea hadi katikati, akachukua maikrofoni kutoka kwa Bravin, akakohoa.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Bi Tausi, kisha akanigeukia. "Ndugu Gichana, yale maelekezo yako kwamba hakuna hotuba kabla ya mpira wa mgeni rasmi kuingia, bado yanatumika?"

"Mpira uliingia Homa Bay," nikasema.

"Uliingia kwenye ringi halali?"

Umati ulinitazama. Mheshimiwa naye akanitazama. Mimi ni mtumishi wa umma, na sahihi yangu siwezi kuikana mbele ya kamishna wa bara zima. Nikasema yanatumika.

Damaris alisimama, akajifuta uso kwa jezi, akampelekea Mheshimiwa mpira kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema. "Sisi tumemaliza."

Mheshimiwa akarusha. Safari hii watu hawakuhesabu. Walitazama mmoja, wakatazama wa pili, wengine wakapiga miayo, halafu trela la Awendo likapiga honi na timu ikapandishwa juu kwa nyimbo. Wachezaji wa Lubumbashi walipanda pamoja nao. Uwanja wote ukalifuata lile trela kuelekea barabarani. Wanakamati wangu wakakumbuka kwamba wana shughuli, mmoja mmoja, na dereva akasema anakwenda kutafuta mafuta.

Tulibaki watatu: Mheshimiwa, mimi niliyekuwa nikimwokotea mpira, na Padri Nyamongo, aliyekuja kutoka nyumba ya mapadri akiwa na funguo.

"Wazee, nafunga geti," akasema Padri. "Huo mpira ni wa watoto wa shule, mtauacha hapo kwenye ngazi."

"Mara moja tu, Padri," akasema Mheshimiwa, jasho likimtoka. "Ya mwisho."

"Hata watoto huniambia hivyo kila jioni," Padri akasema, akampokonya mpira.