Mpasheni Wangu Ndani ya Chandarua

Jumamosi, 3 Februari

Mpasheni wangu, uliotambaa kwenye ukuta wa uani, una maua mengi kuliko majani. Matunda: hakuna hata moja. Leo mama mwenye nyumba alisimama chini yake, mikono kiunoni, akauliza kama ninapanda chakula au mapambo ya harusi. Nilimweleza kwa utulivu kwamba kilimo ni sayansi, na sayansi haina haraka. Akasema yeye anayo. Uamuzi wake: tarehe kumi na saba ikifika bila tunda, mpasheni unang'olewa, na ukuta mzima anapewa wifi yangu ajenge banda la kuku.

Wifi, dada wa mume wangu, anapanga chumba cha pili. Alikuwa akisikiliza huku akianika nguo ambazo zilikwisha kukauka. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu anayepima mbao.

Jumapili, 4 Februari

Nimetafakari. Ulinzi upo: tangu ua la kwanza lichungulie, nimeufunika mmea wote kwa chandarua cha kitanda, ncha nimezishona kwa mkono. Mdudu hapenyi. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa wadudu. Linabaki suala la maji. (Au udongo. Au mwanga. Sipendi kujifunga mapema.)

Nimetoboa chupa za plastiki, nikazifukia shingo chini kando ya shina, zidondoshee mizizi maji tone kwa tone. Juu ya udongo nimetandaza majani makavu, unyevu usikimbie. Nimenunua na mkasi wa kupogolea, mwekundu, wa kupendeza mno. Kazi safi! Wifi akapita akauliza, "Profesa, mgonjwa amewekewa dripu?" Nilimpuuza, ingawa nakiri kwamba mlinganisho wake ulikuwa sahihi.

Jumanne, 6 Februari

Maua ya jana yamejifunga, yakaanguka. Yote. Nimepogoa matawi dhaifu. Inawezekana nimepogoa na yenye afya. Tofauti haikuwa dhahiri kama nilivyotarajia.

Alhamisi, 8 Februari

Mpango wa akiba. Nilinunua pasheni sokoni, nikaingia chini ya chandarua, nikazifunga matawini kwa uzi wa kijani. Kimaadili jambo hili linajadilika. Moyoni niliziita vielelezo: mmea uone kinachotarajiwa kutoka kwake.

Mama mwenye nyumba akaitwa. Nikamwinulia chandarua kwa heshima zote. Akashangaa, akanipongeza, akavuta moja. Ikatoka na fundo. Akavuta ya pili. Fundo. Akataka kujua mpasheni umejifunzia wapi ushonaji. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, wifi! Hata zimekunjamana! Zimezaliwa na uzee wake!"

Mama mwenye nyumba aliondoka nazo zote. Nilipouliza kama tarehe inaweza kusogezwa, alifunga mlango wake.

Jumamosi, 10 Februari

Wizi! Chandarua hakipo! Kimekatwa, tena kwa mkasi wangu mwekundu; nimeuokota chini ya ukuta. Nimekikuta kimetandazwa juu ya vifaranga wa wifi kuwakinga na mwewe. Nilimkabili. Hakuona hata haya. "Wifi yangu, si wiki ijayo ukuta ni wangu? Nimeanza kuhamia kidogo kidogo."

Nilipeleka shauri kwa mama mwenye nyumba. Akaamua kwamba vifaranga wana uhai, maua hayana. Nikamwambia kwamba kibiolojia si kweli. Kauli hiyo haikunisaidia.

Jumapili, 11 Februari

Balaa juu ya balaa. Nyuki! Wakubwa, weusi, wanavuma kama cherehani. Wanaingia ua hili, wanatoka, wanaingia lile, migongo yote imejaa unga wa njano. Nimewafukuza kwa gazeti, kwa mwavuli, kwa ndoo ya maji. Wanarudi. Wifi dirishani alitangaza mchezo: "Nyuki watano, Profesa bila!" Mwishowe niliingia ndani, nikajifunika shuka gubigubi. Nimeshindwa, na nimelowa.

Alhamisi, 15 Februari

Siamini. Nyuma ya ua lililonyauka pana kitu cha kijani, ukubwa wa gololi. Pembeni yake kingine. Na kingine! Nimevuta kimoja taratibu. Hakuna uzi. Nimekagua tena kwa miwani, kwani mtu aliyewahi kufunga matunda mwenyewe hawezi kujiamini moja kwa moja. Hakuna uzi! Sijamwambia mtu.

Jumapili, 18 Februari

Ushindi! Jana mama mwenye nyumba alikagua tawi kwa tawi. Alitafuta fundo. Alikuna kikonyo kwa ukucha. Alinusa. Wifi, aliyekuja na futi ya kupimia, akauliza kwa sauti iliyopasuka, "Ametumia gundi, sivyo? Mama, angalia gundi!" Hapakuwa na gundi. Mama mwenye nyumba akatamka mbele ya wapangaji wote kwamba ukuta ni wa mpasheni. Banda litajengwa nyuma ya stoo, pasipo na jua.

Wapangaji wakaniomba siri. Nilieleza kwa kirefu: dripu, majani makavu, mkasi, na hasa vielelezo, ambavyo sasa naona viliushawishi mmea kuliko nilivyodhani. Niliwatahadharisha kwamba ushahidi wa mmea mmoja hautoshi kwa hitimisho la jumla. Walipiga makofi hata hivyo. Wifi hakupiga.

Swali moja tu linanisumbua kitaaluma: ningepata matunda mangapi kama wale nyuki wasingenivurugia kazi? Vitumba vipya vya maua vinakaribia kuchanua. Leo asubuhi nimenunua chandarua kipya, kipana, chenye vitundu vidogo zaidi. Nimekishusha hadi ardhini na kukikandamiza kwa mawe pande zote. Safari hii hapiti nyuki hata mmoja.