Namba Alizoondoka Nazo Marehemu Mume Wangu

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na boti yako inawaka bila kubembelezwa. Mimi ni Verlene Ladner, mjane wa hapa hapa Orange Beach, Alabama. Naomba nafasi ndogo niwalalamikie wanaume wote wa mji huu, ukiwemo wewe.

Mume wangu Dewey alizamisha baharini, huku Ghubani, boti kuukuu ya kuvulia kamba, pamoja na mashine yangu ya kufulia iliyokuwa bado inafua, ili samaki aina ya changu wekundu wapate pa kuishi na yeye apate pa kuvua. Namba za setilaiti zinazoonyesha mahali hapo hakuniambia hata siku moja. Alifariki mwezi Machi, akaacha wosia kwamba majivu yake yazamishwe hapo hapo. Mpaka leo yuko kwenye kopo juu ya friji, nami nashindwa kumzika. Inaniuma sana.

1. Rafiki yake Rayford Nelms anazijua. Msibani alilia mpaka akashikwa na watu. Nilipomwomba namba alifuta machozi, akasema, "Shemeji, omba figo nikupe. Namba, hapana."

2. Mchungaji Odell naye anazijua. Aliniombea nipewe uvumilivu, na Jumamosi iliyofuata akaonekana gatini na boksi la barafu limejaa changu. Samaki wale wamelelewa ndani ya mashine yangu.

3. Rayford amekubali kunipeleka kwa sharti: nifungwe kitambaa machoni, na simu niiache nyumbani. Ndugu Mhariri, naenda kumzika mume, sijatekwa nyara.

4. Kwa hiyo naitaka serikali ichapishe namba zote za miamba bandia kama huo wa Dewey gazetini mwako kila Jumapili, kati ya vifo na mapishi. Atakayeficha anyang'anywe ndoano, boti, na ikibidi mke. Siri hizi ni uchoyo mtupu.

Nisalimie mkeo, ambaye najua naye hajui unakovua, na wote hapo ofisini.

Wako mwenye uchungu,
Verlene Ladner (Bi.)

N.B. Jana, barua hii ikiwa bado mezani, nilikubali kitambaa. Tulimshusha Dewey salama. Rayford alipoinama kulia, nilikisogeza kitambaa kidogo nikazisoma namba kwenye skrini ya boti. Ndoano niliishusha kwa heshima tu, akaja changu mkubwa kuliko wote niliopata kuwaona maishani. Tafadhali dai la nne usilichapishe. Mambo ya familia si ya magazetini. Binti yangu Darla ameuliza baba yake amelala wapi. Nimemwambia ale samaki, aache maswali.