Presha ya Nzilani

Jumatatu, 8 Juni 1981

Nimegundua! Mimi Matheka, karani wa kadi za wagonjwa hapa kliniki, nimechungulia kadi ya mke wangu. Vibaya? Mume si mtu wa nje. Mwezi wa nne Daktari Shitanda kaandika: mama alalamika dawa ya presha inampeleka msalani kila mara. Mwezi wa tano: msalani hapamsumbui tena, lakini presha imepanda. Basi Nzilani ameacha dawa! Dada yake alikufa kwa presha. Bila Nzilani mimi ni nani? Nimeogopa sana.

Jumanne, 9 Juni

Kumuuliza? La! Ataniuliza nimejuaje. Nimetumia akili. Nimesaga kidonge chake kimoja, nimekitia kwenye chai yake. Akaonja, akasema sukari imezidi, akanipa kikombe chake, akachukua changu. Ningekataaje? Nimeshinda msalani asubuhi nzima, foleni ikiningoja. Patrobas wa dirisha la dawa akauliza kama nimehamia huko. Mshenzi!

Jumatano, 10 Juni

Nimemweleza daktari, nikingoja sifa. Akasema hata yeye alishuku. Je, nimemuuliza mke wangu sababu?

Jioni nikamuuliza. Nzilani akasema pale soko la Gikomba anapouza mitumba choo kiko mbali, na kibanda hakina wa kukilinda. Kumwambia daktari mwanamume aliona haya.

“Lakini wewe, Baba Ndanu, si ungeniuliza tu?”

Nimetokwa na machozi. Nikasingizia kitunguu. Tulikuwa tunakula ndizi.

Jumamosi, 13 Juni

Nzilani ameanza tena dawa. Fadumo wa kibanda cha pili amekubali kumwangalizia siku za kazi. Kumbe ni kuombwa tu! Leo zamu yangu. Nzilani alipokwenda msalani nikauza sweta safi sana. Ilikuwa yake, aliyoivua kwa jua. Akacheka mpaka akashika nguzo. Kicheko hicho nilikuwa nimekikosa. Nampenda mwanamke huyu.

Jumatatu, 15 Juni

Daktari kanipima, eti kwa mzaha. Presha yangu imepita ya Nzilani! Kanipa vidonge vilevile. Nikimbie tena mbele ya Patrobas? Thubutu! Nimeahidi kumeza. Sitameza. Nzilani nisimwambie, atahangaika bure. Na daktari nimeshamweza: kila akiniita nitalalamika kuhusu msalani, naye ataandika. Nani atanigundua?