Mzizi Wenye Nyota

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Abu Hamour, baada ya ibada. Bradley, anayesomea isimu hapa Doha, katupa somo tena tukinywa karak, chai ya maziwa ya huku. Eti "kutoa" kwa Kihindi ni dena, kwa Kiajemi dadan, na yote ni watoto wa mzizi mmoja wa kale: *deh₃-. Una namba ndani yake, sijui unasomwaje. Nyota ya mbele maana yake hakuna aliyewahi kuuona umeandikwa. Wataalamu wameujenga upya kwa kulinganisha watoto. Akaonya jambo kuhusu maneno ya kuazima. Sikulisikia. Nilikuwa namtazama Jerusha akiandika kila kitu.

Jerusha ni nesi. Nimemwomba nikajitambulishe kwao Kapsabet. Atanijibu Ijumaa ijayo. Basi nikamwambia mizizi hii naijua tangu sekondari na naipenda kuliko ugali. Uongo mtupu.

Jumapili, 9 Novemba
Zamu ya lango, Al Thumama. Nimemchunguza Bradley. Mlinzi mwenzangu Mnepali anasema kutoa kwao ni dinu. Fundi wa AC, Mhindi: dena. Mwoka mikate Mwajemi: dadan. Hajakosea hata mara moja. Nimeudhika mchana kutwa.

Jumanne, 11 Novemba
Mpango. Nimetangaza kwenye WhatsApp ya ushirika kwamba nimegundua "pa" ya Kiswahili, ile ya kumpa mtu kitu, nayo ni mtoto wa *deh₃-. Bradley akajibu kwa upole wake unaokera: Kiswahili kina ukoo wake, wa Kibantu, na "pa" ina mzizi wake mle, wenye nyota yake. Watu kumi na wanane wakanicheka. Jerusha akaweka moyo mwekundu. Kwenye jibu la Bradley!

Jumatano, 12 Novemba
Dalili ya mvua ni mawingu. Nimeona hotipoti ya bluu ya Jerusha mkononi mwa Bradley. Jerusha naye siku hizi anasema "tukilinganisha", vile vile kama yeye. Na saa moja jioni simu ya Jerusha inatumika, ya Bradley inatumika. Nimepiga zote mbili, siku tatu mfululizo. Watoto watatu hawa. Mzazi lazima yupo. Nimemwandika: *penzi.

Ijumaa, 14 Novemba
Nilisimama baada ya ibada nikawasomea ushahidi. Mchungaji alisikia yote.

Jerusha alisema kila jioni Bradley amekuwa akimfundisha mizizi kwa simu, apate cha kuongea na mimi, kwa kuwa niliapa naipenda kuliko ugali. Bradley akaongeza kwamba ndiyo maana wataalamu huuliza kwanza kama kitu hakikuazimwa. Hotipoti aliiazima kwa Jerusha, ya kubebea pilau ya wagonjwa.

Jerusha alikuwa amekuja na jibu la ndiyo. Amerudi nalo hosteli. Kasema nisimuulize tena hadi Krismasi ipite. Niliona aibu, na iliuma.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimetubu. Nimeifuta *penzi kwa wino, mara mbili. Wivu basi.

Saa nane mchana basi la manesi lilipita langoni. Owen, dereva, alipiga honi. Jerusha, kiti cha mbele, alikuwa anacheka.

Honi. Kicheko. Watoto wawili tayari. Nimeacha nafasi ya wa tatu, na nyota nimeshaiweka.